Gari Limelala Msibani Misima

Leo nimeaibika. Tena sikuaibika nyumbani kwangu, wala kijiweni ambako watu wangesahau kesho. Nimeaibika msibani, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na marehemu alikuwa bado hajazikwa.

Naandika haya nikiwa na hasira. Nawaambieni mapema, asije mtu kwenye komenti akaniandikia "pole kaka, ndiyo maisha." Sitaki pole. Nataka yule bwana wa Dar aliyeniuzia hili gari alale leo na mbu ndani ya chandarua.

Kwa wasionifahamu: mimi nauza vifaa vya umeme hapa Manundu, Korogwe. Nyaya, soketi, balbu, swichi. Nilikuwa na kigari changu kidogo, kibaya cha sura, kinachowaka kila asubuhi bila kubembelezwa. Nikakiuza. Nikanunua gari la Kijapani la zamani, lile refu jeusi, la kukaliwa na wakubwa. Viti vya ngozi. Pazia la kioo cha nyuma linapanda lenyewe ukibonyeza swichi. Buti ukilisindika kidogo linajifunga taratibu kwa heshima zake. Na bei yake ilikuwa ileile ya gari la kawaida! (Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilibonyeza pazia likapanda, likashuka, likapanda tena, nikasema nalitaka.)

Ndani yake kuna mwanamke anaongea Kijapani. Ukiwasha gari, anaongea. Ukifungua mlango, anaongea. Miezi ya mwanzo nilidhani ananikaribisha. Siku hizi najua ananigombeza.

Kubwa kuliko yote, halina springi kama magari ya watu. Limekaa juu ya mifuko ya upepo. Mifuko ikiwa mizima, barabara ya mashimo unaipita kama umekaa kwenye godoro. Mifuko ikitoboka, gari linalala. Linashuka taratibu mpaka tumbo linagusa ardhi. Na pampu ya kuijaza upepo haipatikani Korogwe, haipatikani Tanga, na Dar wanakuambia uagize halafu usubiri. Nimesubiri mpaka nimemjua mtoto wa muuza spea kwa jina.

Sasa sikilizeni kilichonipeleka Handeni leo.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama mkwe kwao Mashewa. Mvua ikanyesha. Kwenye kilima, gari likazima. Nikawasha, Mjapani akanigombeza, likazima tena. Mama mkwe wangu ni mama wa Kisambaa wa zamani, yule ambaye tukipishana mlangoni anavuta khanga mpaka usoni kwa kunistahi. Mama huyo akashuka. Akaifunga khanga kiunoni. Akasukuma gari la mkwewe, kwenye tope, huku mimi nimekaa ndani nimeshika usukani kama bwana harusi. (Mtu lazima akae kwenye usukani! Hili nimelieleza mara nyingi na hakuna anayenielewa.)

Mke wangu Zaina alikuwa pembeni yake wanasukuma wote. Tulipofika akashusha na begi lake. "Mama yangu amesukuma gari la mkwewe," akasema. "Mimi nabaki hapa. Siku hilo gari likiuzwa, nipigie, nitarudi. Lisipouzwa, usinipigie."

Nikadhani hasira zitapoa. Hazikupoa. Nimekula ugali wa kujipikia mwezi mzima, na sitaki kuwaeleza ulikuwaje.

Basi juzi dalali wa Handeni akanipigia kwamba amepata mteja. Mfanyabiashara wa mazao, mtu mzima, mwenye fedha zake, anataka gari la kutulia. Akanipa namba. Nikaihifadhi "Mteja Handeni." Jana jioni nikampigia. Sauti nzito, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka na dunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Hilo gari lina shida yoyote? Mimi mgongo wangu mbovu, sitaki gari la kunisumbua."

"Halina shida mzee wangu. Liko kama jipya."

(Kimya, wote. Nani kati yenu ameuza gari akasema ukweli?)

Tukakubaliana leo alasiri, Chanika ya Handeni, pale stendi. Akasema mchana ana shughuli kidogo, akimaliza atanipigia.

Asubuhi nikaenda kwa fundi Shemboza. Akaingia chini ya gari, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. "Mgosi, tundu nimeliziba, lakini ni la kuzugia tu. Injini ikiwa inawaka, pampu inajaza upepo, gari linasimama. Ukizima, linalala. Na likilala leo sikuahidi kama litaamka, pampu imechoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usizime. Toka hapa mpaka Handeni, usizime. Mkabidhi mtu likiwa linanguruma, pokea hela, panda bodaboda."

Hayo ndiyo maelekezo niliyopewa. Usizime. Mtoto mdogo angeyashika.

Nikaliosha, nikapulizia manukato viti vya nyuma, nikaondoka Korogwe nimevaa shati la kwenda benki. Njia nzuri, lami tupu, gari limetulia. Nakiri, kuna mahali nilibonyeza pazia likapanda nikasikia uchungu kuliuza. Nikajikumbusha ugali. Uchungu ukaisha.

Sasa, Misima, kijiji kilicho njiani kabla ya Handeni, nilijua kuna msiba. Babu yetu mdogo, Mzee Mhina, mdogo wake babu yangu mzaa baba, alifariki jana. Mtu mzima sana, ameshiba siku zake, ameacha wajukuu wa kujaza uwanja wa mpira. Mpango wangu ulikuwa wa kiungwana kabisa: nipite moja kwa moja mpaka Handeni, niuze gari, halafu jioni nirudi kwa bodaboda nikae msibani kwa utulivu. Ningewahi matanga. Nani angejua?

Nikafika Misima. Nikapandisha vioo vyeusi. Nikakanyaga mafuta.

Shangazi Mwajuma akatokea barabarani na ndoo ya maji kichwani.

Huyu ni dada yake baba. Nyuma yake kina mama wengine wenye ndoo, foleni nzima, wanavuka. Nikasimama. Gari hili ukoo wote wanalijua, picha yake niliituma mwenyewe kwenye grupu la familia siku niliyolinunua (na maneno "Mungu ni mwema" chini yake). Shangazi akaja mpaka kioo cha dereva, akabisha hodi kwa kucha.

Nikashusha kioo. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nilijua tu utakuja, mwanangu. Wenzako wanasema wewe wa mjini huji. Nikawaambia Athumani anakuja, mtaona. Ingiza gari uani, wanakaribia kutoa jeneza."

Niambieni ningemjibu nini. Kwamba naenda kuuza gari kwanza? Nikaingiza gari uani.

Pamejaa watu. Turubai, majamvi, sufuria tatu kubwa jikoni, moshi, vilio vya kina mama ndani. Nikaegesha karibu na mwembe... samahani, hakuna mwembe, waliukata kuni. Nikaegesha karibu na kisiki. Nikavuta breki ya mkono. Sikuzima. Nikashuka, nikafunga mlango taratibu, Mjapani akanisema, nikaenda kukaa jamvini na wanaume.

Nikawapa mkono wazee wote. Nikakaa. Dua ikaanza. Na nyuma yangu gari linanguruma. Mjue gari hili likiwa barabarani halisikiki, lakini limesimama, na ile pampu inahangaika kujaza upepo, linatoa mlio kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili.

Baba mkubwa Saidi, ambaye ndiye msemaji wa msiba, akageuka.

"Gari la nani hilo linapiga kelele kwenye dua?"

"Langu, baba mkubwa."

"Zima."

"Baba mkubwa, samahani, hili halizimwi."

"Halizimwi? Ni friji la mochwari?"

Wanaume wakainamisha vichwa. Mabega yao yakawa yanatikisika. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni maelekezo ya fundi, dakika chache tu, naondoka sasa hivi. Akaniangalia kwa namna ambayo baba mkubwa humwangalia mtoto aliyekojoa kitandani. Lakini dua ikaendelea, na gari likaendelea. Nikajua nimepona.

Sikuwa nimepona. Watani walikuwa wameshafika.

Kwetu Uziguani mtani mkubwa ni Mnyamwezi. Hata nyinyi mnaojifanya wa kisasa mnajua mtani akiingia msibani hana breki. Anamwiga marehemu. Anavaa nguo zake. Anazuia jeneza, anadai kuku, anadai kahawa, anawatukana wafiwa mpaka wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi yake. Wewe kazi yako ni moja tu: usikasirike. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, umevunja mwiko na faini inakuhusu.

Akatoka mmoja ndani kwa marehemu. Mtu mzima, mnene, amevaa koti la Mzee Mhina, lile la kijivu alilovaa misimu yote, limembana tumboni. Mkononi fimbo ya marehemu. Anatembea kama marehemu, mguu mmoja anauvuta. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya marehemu yenyewe, ile nyembamba ya puani. Kina mama ndani wakapiga kelele, nusu kilio nusu kicheko.

"Mbona mnanililia?" akasema. "Nilipokuwa hai hamkuniletea hata sukari!"

Watu kwishnei. Hata baba mkubwa alificha uso.

Jeneza likatolewa. Vijana wanajiandaa kubeba. Mtani akalizuia kwa fimbo.

"Ngoja kwanza. Mnanibeba mabegani kwenda makaburini?"

"Ndiyo, mzee," wakamjibu, maana mtani anajibiwa.

"Mabegani, kama gunia la mahindi? Na lile pale ni gari la nani?"

Vidole vyote vikanionyesha mimi. Vyote! Hata vya watoto wa ndugu ninaowanunulia daftari!

"Mjukuu wangu ana gari kama la waziri," akasema mtani, "halafu mimi natembezwa juani? Siendi. Mimi naenda na hilo."

Akavuta mguu mpaka kwenye gari. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akakunja nne, fimbo katikati ya magoti. Mjapani akamsemesha. Mtani akatoa kichwa nje.

"Kumbe umeniwekea na mke wa kizungu humu! Bibi yenu asisikie!"

Mjane mwenyewe, bibi yangu, aliyekuwa amelia tangu jana mpaka sauti imekauka, akasikika ndani anacheka. Mimi nikachekacheka kidogo ili nisionekane mbaya. Lakini nilikuwa naangalia jua. Mteja angepiga simu wakati wowote.

Hapo mtani akanyoosha mkono katikati ya viti vya mbele, mpaka kwenye ufunguo. Nilimwona. Nilipiga kelele, "Mzee, usi—"

Akazima.

Akauchomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa koti la marehemu. "Dereva wangu hana adabu, anaacha gari likiwaka kwenye dua. Sasa ukitaka ufunguo, leta jogoo."

Kabla sijafungua mdomo, watu wote wakasikia: ssssssss.

Gari likaanza kulala. Lilianza mbele, kushoto. Halafu mbele, kulia. Pua ikashuka mpaka chini, nyuma bado iko juu, mtani ndani anateleza taratibu kuelekea kiti cha dereva huku kakunja nne. Halafu na nyuma ikaja. Matairi yakapotea ndani ya bodi. Tumbo likagusa ardhi kwa kishindo kidogo, vumbi likatoka pande zote mbili.

"Limesujudu!" akapiga kelele mtoto mmoja.

"Tazameni," akasema mtani kutoka mle ndani, "gari la watu limeniaga. Nyinyi hata kuinama hamjainama!"

Sijawahi kuona msiba ukicheka hivyo. Waliobeba jeneza waliliweka chini kwa usalama. Shangazi Mwajuma alikaa kwenye ndoo yake.

Na mimi, ndugu zangu, nikakasirika.

Haikuwa hasira ya kawaida. Ilipanda kutoka kwenye nyayo. Nilimwona Zaina amekaa Mashewa na begi lake. Niliona ugali wangu. Nikamfuata yule mtu mpaka mlangoni, nikamnyooshea kidole, mtu wa umri wa baba yangu, msibani, nikamwambia, "Nipe ufunguo wangu! Unajua ulichokifanya? Nipe ufunguo, mzee, mimi sina mchezo na wewe!"

Kicheko kikakatika kama umeme.

"Athumani," akasema shangazi polepole. "Umemkasirikia mtani?"

"Nimekasirika ndiyo!"

"Msibani?"

Bibi mmoja akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Baba mkubwa Saidi akafumba macho. Lakini mtani hakutikisika. Akaegemea kiti cha ngozi, akashika fimbo vizuri, akaniuliza kwa ileile sauti ya puani, kwa upole sana: "Mjukuu wangu, kwani gari lina nini mpaka unalia?"

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye bahati angenyamaza.

"Lina nini?" nikasema. "Uliza halina nini! Mifuko ya upepo imetoboka yote! Pampu imekufa! Likilala haliamki!"

"Maskini. Na gia je?"

"Gia inagonga! Ukiweka rivasi inapiga kama mtu ametupa jiwe!"

"Looh. Na injini?"

"Injini inakunywa oili kama imelipwa! Nabeba galoni kwenye buti, angalia, lipo humo sasa hivi! Taa ya injini fundi ameitoa balbu ili isiwake!"

"Kumbe taa zinatolewa balbu," akasema mtani, akawa anatingisha kichwa. "Na baridi ndani, ile ya kupuliza?"

"Inapuliza moto! Mwezi wa Januari inapuliza moto! Hili si gari, hili ni adhabu, nimeuziwa na tapeli, na leo ndiyo siku pekee niliyopata mtu wa kulichukua, ananisubiri Handeni, na wewe umenizimia! Mke wangu yuko kwao kwa ajili ya hili! Nisipoliuza leo harudi! Umeelewa? Harudi!"

Hapo sauti yangu ilikatika. Nasema ukweli. Mbele ya ukoo.

Nikajikaza, nikatoa simu, nikamwambia yule mtu, "Subiri. Nampigia mteja wangu nimwambie nachelewa. Halafu tutamalizana mimi na wewe."

Nikabonyeza "Mteja Handeni." Nikaweka sikioni.

Simu ikaita. Ikaita kwangu sikioni, na ikaita ndani ya gari.

Kwanza nilidhani ni Mjapani. Halafu nikamwona mtani anapapasa mfuko wa koti la marehemu, hamna, anapapasa mfuko wa shati lake chini ya koti. Akatoa simu. Akaiangalia. Akaniangalia. Akaipokea, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nikasikia sauti yake mwenyewe, nzito, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka na dunia, mara mbili, hapa na kwenye simu.

"Haloo kijana. Umefika wapi na lile gari lililo kama jipya?"

Ndugu zangu. Msiba haukuzika kwa muda. Siwezi kuuelezea vizuri kwa sababu nilikuwa nimeinama nimeshika magoti. Nilisikia tu. Baba mkubwa Saidi, ambaye sijawahi kumwona akionyesha meno, aliondoka jamvini akaenda nyuma ya nyumba. Bibi mjane alitolewa nje ashuhudie, akahadithiwa upya, akacheka mpaka akashikwa mabega. Vijana wakawa wanarudia, mmoja anasema "na gia je?" mwingine anajibu "inagonga!"

Mtani akatoka ndani ya gari kwa shida, maana lilikuwa chini mno na mgongo wake kweli mbovu. Nikamshika mkono kumwinua. Akajipangusa vumbi. Jina lake Mzee Maganga, ananunua mahindi Handeni tangu sijazaliwa, na alikuwa rafiki wa kweli wa marehemu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kama yalikuwa mekundu kwa kicheko tu.

"Gari sinunui," akasema.

"Najua, mzee."

"Lakini katika Handeni nzima sijapata kuona muuzaji anayetaja ubovu wote wa gari lake mbele ya mashahidi. Umenisaidia mgongo." Halafu akainua fimbo, akarudi kwenye ile sauti ya puani. "Na kwa kumkasirikia mtani, faini! Jogoo wawili. Na utanibeba mabegani mbele kabisa, maana gari lako limenikatalia."

Nikalipa. Jogoo walinunuliwa palepale kwa shangazi (hasira nyingine hiyo). Nikabeba jeneza mbele, kulia, na shati langu la benki, mpaka makaburini. Tukamzika babu yetu vizuri. Mzee Maganga ndiye aliyerusha udongo akiwa amelivua lile koti, na hapo hakuigiza kitu.

Tuliporudi nikarudishiwa ufunguo, nikajaribu gari. Likawaka. Mjapani akanisema. Pampu ikakoroma, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Halikuinuka hata kidole. Limebaki pale uani kwa marehemu, chini kama kobe. Nilipokuwa naondoka kina mama walikuwa wameshaanika sahani za pilau juu ya boneti, wanasema kimo chake kizuri, huinami. Kwenye ngozi ya viti vya nyuma wamelazwa watoto waliosinzia.

Nikapanda bodaboda mpaka Handeni, nikapata gari la abiria, nikarudi Korogwe nimekaa na gunia la viazi mapajani. Njia nzima natunga maneno ya kumwambia Zaina. Nilikuwa nimeshaamua simpigii. Alisema lisipouzwa nisimpigie, na halikuuzwa. Nitampigia nimwambie nini? Kwamba limeanikwa sahani?

Nimefika nyumbani. Nikawasha jiko. Nikaweka maji ya ugali. Simu ikaita. Zaina.

Nikapokea. Nikasikia tu anahema kwa shida, nikaogopa, nikadhani analia, nikaanza kusema nisamehe, sikuweza kuliuza, nimejaribu, limelala Misima.

Hakuwa analia. Shangazi Mwajuma alikuwa ameshampigia. Mke wangu alikuwa anacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho sijakisikia tangu ile siku ya tope. Kila akitaka kuongea kinamrudia. Nyuma yake nasikia na mama mkwe, mama wa khanga usoni, anauliza kwa sauti, "Na injini? Muulize na injini!"

Mwisho akapata pumzi. "Umewaambia watu wote kwamba lisipouzwa mimi sirudi..." Akaacha kucheka. "Mbele ya ukoo wote, ulisema hivyo?"

"Nilikuwa na hasira."

"Nakuja kesho na basi la asubuhi," akasema. "Usinunue mboga, nitabeba. Na usilale, kaa ufikirie vizuri kila kitu kilivyokuwa, maana shangazi ameruka mengi na mimi nataka kusikia kwako."

Basi nimekaa hapa nafikiria, na maji ya ugali yamekauka. Chekeni, sina uwezo wa kuwazuia. Ila atakayeniandikia hapo chini "na gia je?" nambloku, hata kama ni wa damu moja na mimi.